Shairi la askari au utenzi wa pwani: lipi tuwasomee vijana kuhusu vitisho vya vita?

Jeshi linapotangaza siku ya kuandikisha makuruta hapa Malindi, vijana ninaowafundisha, pamoja na wale waliomaliza mwaka uliotangulia, hubadilika kwa majuma kadhaa. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri wakakimbia ufukweni hadi jua lichomoze, na wakirudi utawaona wakipimana vifua na kukaguana meno, kwa sababu kila mmoja amesikia habari ya jirani aliyeshinda mbio kisha akarudishwa nyumbani kwa ajili ya jino moja. Siwakatazi. Mshahara wa askari umejenga nyumba nyingi katika mitaa yetu, na mwalimu asiye na kazi ya kumpa kijana hana haki ya kuitia dosari ile aliyoiona mwenyewe. Ninachokitaka ni kimoja tu: kabla hajapanga foleni, asikie walioviona vita walisemaje, na asikie kwa maneno yaliyopimwa, si kwa picha za simu zinazopita kabla jicho halijatulia.

Kwa hiyo kila mwaka tunafanya jioni ya mashairi chini ya mti wa mkungu ulio nyuma ya madarasa. Muda wetu ni baina ya alasiri na magharibi, na nimejifunza kwamba katika muda huo mashairi mawili, au matatu yakiwa mafupi, ndiyo yanayoweza kusomwa na kurudiwa hadi yakaingia. Walimu wenzangu wa hapa na wa Lamu huniuliza swali lile lile. Je, tuchague mashairi ya askari wa Ulaya waliopigana vita vya 1914 hadi 1918, ambayo yanajulikana duniani kote kwa kueleza kitisho cha vita, au tuchague tenzi zetu za vita, ambazo zimo katika lugha yetu na zinataja miji tunayoijua? Nimesoma za aina zote mbili mbele ya vijana na mbele ya watu wazima, na nimeona kwamba haziwezi kushika nafasi ya nyingine, kwa kuwa kila moja inamweka msikilizaji mahali pake.

Nianze na shairi ambalo wengi hulifikiria kwanza, lile la Wilfred Owen linaloitwa kwa maneno ya Kilatini “Dulce et Decorum Est”. Owen alizaliwa mwaka 1893, akapigana Ufaransa, na mwaka 1917 akapelekwa katika hospitali ya Craiglockhart mjini Edinburgh, palipotibiwa maofisa waliovurugika akili kwa mishindo ya mizinga na kwa waliyoyaona. Huko ndiko alikoandika rasimu yake. Akarudi vitani, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na umri wa miaka 25, wiki moja kabla ya bunduki kunyamaza, na shairi lake likachapishwa mwaka 1920 baada ya yeye kuwa kaburini. Ni shairi la mishororo 28 tu. Ndani yake askari waliochoka wanajikokota matopeni kama vizee, wengine wamepoteza viatu, hata makombora yanayoanguka nyuma yao hawayasikii tena. Ghafla inatupwa gesi ya sumu. Wote wanahangaika kuvaa barakoa za kujikinga, na mmoja anachelewa. Owen anamtazama kupitia kioo cha barakoa yake, na kwa kuwa kioo ni cha kijani na hewa imejaa ukungu mzito, anamwona mwenzake kama mtu anayezama chini ya bahari ya kijani.

Hapa ndipo shairi hili linapopata nguvu ambayo pengine haliipati kwa wasomaji wa bara. Mwaka mmoja nilipofika kwenye ubeti huo, kijana mmoja ambaye siku za bamvua huzama kutafuta pweza aliinua mkono. Akanieleza, mbele ya wenzake, namna mtu anavyoonekana ukimtazama chini ya maji kupitia miwani ya kuzamia, jinsi viungo vyake vinavyokwenda polepole kana kwamba hana haraka, na jinsi usivyoweza kujua kama anacheza au anakufa mpaka umfikie. “Mwalimu,” akaniambia, “huyu kafa majini, hata kama pale hapakuwa na maji.” Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo, wala sikuongeza neno. Hata chumba chenye wanafunzi 40 hunyamaza pale Owen anapoongeza kwamba katika ndoto zake zote mtu yule bado anamrukia huku akipaliwa na kuzama. Kifo kilitokea mara moja, lakini aliyekitazama anakitazama kila usiku. Hicho ndicho kitisho cha vita kwa askari kama nilivyokifahamu kutoka katika mashairi ya wapiganaji: jambo lililokwisha ambalo halikomi.

Halafu linakuja lile neno la Kilatini. Ni la mshairi wa Roma aitwaye Horace, nalo husema kwamba ni tamu na ni jambo la heshima kufa kwa ajili ya nchi. Mwaka 1913 maneno hayo yalichongwa ukutani mwa kanisa la chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza, ili makuruta wayasome. Owen anamwambia msomaji kwamba kama ungeifuata gari ile waliyomtupia yule mtu, ukamwona macho yake yakipinda na ukasikia damu ikitoka mapafuni kila gari lilipotikisika, usingewasimulia watoto wenye hamu ya utukufu uongo huo mkongwe. Wanafunzi wangu wanadhani jambo hili ni la Wazungu mpaka niwatajie mnara wa askari ulioko Nairobi, uliowekwa mwaka 1928 kwa ajili ya waliokufa katika vita hivyo hivyo upande huu wa Afrika. Maneno yake, yaliyoandikwa pia kwa Kiswahili, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwahidi askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mnara wenyewe hauna jina hata moja la askari wala la mpagazi. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na kumbukumbu yao iliyo hai zaidi ni jina la mtaa na soko, Kariakoo, lililotokana na “Carrier Corps”, yaani kikosi cha wapagazi. Aliyeyatunga maneno ya mnara ni Rudyard Kipling, ambaye naye alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee wa kiume, mwenye miaka 18, katika mapigano ya Loos mwaka 1915, kwa hiyo siwezi kusema kwamba aliandika bila kujua uchungu. Lakini ukiweka ahadi ile karibu na shairi la Owen, vijana huona wenyewe zinavyogongana, na mwalimu hana haja ya kuhubiri.

Ugumu wa kumchagua Owen ni wa tafsiri. Kiingereza chake ni kizito hata kwa mwanafunzi hodari, na sauti zake za kukohoa na kukwama hazihami kirahisi. Nimejaribu kuutia ubeti wa gesi katika Kiswahili mara nyingi, na majaribio hayo ndiyo yaliyonifundisha tofauti ya kweli iliyopo kati ya bahari zetu mbili za ushairi, yaani aina mbili za mashairi. Kwanza nililitia tukio katika mizani ya utenzi, mizani nane, yaani silabi nane, kila mshororo:

Moshi ulipotufika,
Kila mtu akashika
Kinywa chake kufunika,
Mmoja akachelewa.

Tulimuona kwa mbali,
Akigaagaa chali,
Kifua hakihimili,
Kwa pumzi kuishiwa.

Kisha nikalitia tukio hilo hilo katika tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, ya mizani kumi na sita:

Moshi uliposhukia, kijani kama bahari,
Wenzangu walikimbia, mmoja kataahari,
Mikono kanipungia, akizama kwa dhahiri,
Nani atayemwambia, mamake hiyo habari?

Tazama yaliyotokea bila mimi kukusudia. Katika utenzi nilijikuta nikisema “tulimuona”, na tena “kwa mbali”. Utenzi ni chombo cha safari ndefu. Unataka kwenda mbele, kina cha mwisho kinauvuta ubeti huu kuelekea ujao, na mtu aliyekufa katika ubeti wa pili atakuwa amepitwa ifikapo ubeti wa tano. Katika tarbia nilisema “kanipungia”. Mshororo ni mpana, una mapumziko katikati, na kituo, yaani mshororo wa mwisho, kinadai neno zito la kufungia, nami sikulipata ila swali. Utenzi umempa mtu yule mashahidi wengi. Tarbia imempa shahidi mmoja ambaye hatatulia tena. Anayetaka kumfasiri Owen kwa ajili ya vijana namshauri aifuate tarbia, hata kama wazee watamwambia kwamba habari za vita mahali pake ni utenzi.

Baada ya kusema hayo, nisieleweke kwamba tenzi zetu za vita hazina kitisho. Zina kitisho cha namna nyingine, na kwa baadhi ya wasikilizaji ndicho kikubwa zaidi. Mbili ndizo ninazozisoma. Wa kwanza ni utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, walipoitwaa Mrima, pwani ya bara inayoielekea Zanzibar, vita vilivyoanza mwaka 1888 na ambavyo ndani yake Abushiri bin Salim alikamatwa akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Wa pili ni utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Zote mbili zimetungwa na watu wa mahali hapo, karibu na matukio, kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa Malindi akikisikia kinaghaniwa hukifahamu kwa sehemu kubwa bila tafsiri, ijapokuwa sisi tuliolelewa na lugha ya kaskazini tumezoea kusema utendi.

Msikilizaji wa tenzi hizi hawekwi nyuma ya kioo cha barakoa. Anawekwa mjini. Anasikia habari ikifika, anasikia majina ya watu na ya mahali yakitajwa moja baada ya jingine, anasikia nani kakimbia na nani kasimama, na polepole anafahamu kwamba dunia aliyoijua jana imekwisha. Vita vya Maji Maji vina jambo ambalo halina mfano katika mahandaki ya Ufaransa: watu waliingia vitani wakiwa wamepewa maji yaliyosemwa kwamba yatageuza risasi za Wadachi kuwa maji, wakayaendea maboma yenye bunduki za mtombo. Huo ni uongo mwingine waliopewa wapiganaji, ingawa huu ulitoka kwa watu waliokuwa wakitafuta namna ya kuvua nira, na kijana anayejua habari ya Owen huutambua mara moja. Baada ya mapigano likafuata jambo baya zaidi. Wadachi walichoma mashamba na maghala, na walio wengi kati ya waliokufa, ambao wanahistoria huwakadiria kuwa kati ya 75,000 na 300,000, walikufa kwa njaa na maradhi. Shairi la mtu mmoja handakini haliwezi kuibeba hesabu hiyo. Utenzi umeumbwa kwa kazi hiyo, kwa maana umejengwa kwa kurudia na kuendelea, beti baada ya beti, mpaka msikilizaji mwenyewe achoke, na kuchoka kule ni sehemu ya maana.

Upungufu wake ni huu, na nausema kwa heshima zote. Katika tenzi zetu za vita mpiganaji huonekana kwa nje. Tunajua jina lake, tunajua aliangukia wapi, lakini mara chache tunaambiwa mdomo wake ulikauka vipi, au alimfikiria nani. Tena upande wa pili wa uwanja kulikuwa na Waafrika vilevile: jeshi la Hermann von Wissmann lililompiga Abushiri lilijaa Wasudani walioandikishwa Misri na vijana walioletwa kutoka Msumbiji, wanaume waliokuja kufa katika nchi wasiyoijua kwa ajili ya mshahara. Nani aliandika shairi lao? Sauti ya askari mwenyewe wa Afrika Mashariki tunaipata zaidi katika nyimbo za mwendo za Keya, yaani jeshi la King's African Rifles la wakati wa Waingereza, zile za kuulizana na kujibiana amri ni ya nani, na amri ikawa ni ya bwana kapteni. Ni nyimbo fupi, zenye uchangamfu kwa juu, na kijana akiziimba mara tatu mfululizo huanza kusikia kilichomo chini yake. Mwalimu mwenye darasa linalopenda kuimba anaweza kuanzia hapo.

Kuna shairi la tatu ambalo sisi wa Malindi tuna njia ya pekee ya kuliendea. Mji wetu umeishi na Waitaliano kwa miaka mingi kiasi kwamba muuza vinyago wa ufukweni hujua Kitaliano cha kumsalimia mgeni, kumbembeleza na kumuaga, na vijana wengi wanakisikia tangu utotoni. Giuseppe Ungaretti, ambaye kwa bahati njema alizaliwa barani Afrika, mjini Alexandria, mwaka 1888, alikuwa askari wa kawaida wa miguu wa Italia katika vita hivyo hivyo, kwenye milima ya mawe ya Carso. Alitunga mashairi mafupi mno na kuandika chini yake mahali na siku. Moja, la tarehe 23 Desemba 1915, linaeleza usiku mzima aliolala ametupwa kando ya mwenzake aliyeuawa, mdomo umekenua kuelekea mwezi mpevu, na ndani ya usiku huo akaandika barua zilizojaa mapenzi. Hakupata kuushikilia uhai kwa nguvu kiasi hicho, asema. Jingine, la Julai 1918, linaitwa “Soldati”, yaani askari, na lote ni mishororo minne mifupi isemayo kwamba mtu yuko kama majani yalivyo juu ya miti wakati wa vuli za Ulaya, msimu ambao majani hupukutika. Limekwisha. Neno askari halimo ndani ya shairi, limo katika jina tu, na pasipo jina ungedhani ni shairi la bustani.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilihofia kwamba wanafunzi wasioujua msimu ule hawatalipata. Mkungu ulinisaidia. Miti yetu mingi ya pwani hupukutisha bila mtu kutambua, lakini majani ya mkungu hugeuka mekundu kwanza, mapana, mazuri, yameshikilia tawi kana kwamba hayana shaka, kisha upepo mdogo unatosha. Siku ile moja liliangukia daftari la msichana aliyekaa mbele. Alilishika kwa kikonyo, akaligeuza, akauliza ni kwa nini mshairi hakusema lolote juu ya upepo. Tulikaa na swali hilo mpaka magharibi. Katika shairi la Owen upepo una jina, ni wale wanaowasimulia watoto uongo. Katika shairi la Ungaretti hautajwi kabisa, na kila jani linangoja zamu yake.

Kwa hiyo, ukiniuliza kati ya Owen na Ungaretti, nitakujibu kwamba Owen anafaa pale unapotaka mabishano yafuate, kwa sababu ana hasira na anamnyooshea mtu kidole. Ungaretti anafaa pale unapotaka watu wanyamaze. Faida nyingine ya Ungaretti ni kwamba mishororo minne huweza kuandikwa ubaoni, kwa Kitaliano na kwa Kiswahili, na mtoto wa darasa la nane akaondoka nayo kichwani. Siegfried Sassoon, rafiki aliyemhimiza Owen kule hospitalini, naye ana vishairi vifupi vya ukali, kikiwemo kimoja cha jenerali mchangamfu anayewaamkia askari wake kwa bashasha wanapopita kuelekea vitani, na wengi wao sasa wamekufa kwa mipango yake. Hufaa sana kwa wanafunzi wakubwa, ila kinaelekeza macho kwa mkubwa asiyejali kuliko kwa mwili wa askari.

Mengine nitayapita haraka. Shairi la Rupert Brooke la mwaka 1914 kuhusu askari, lisemalo kwamba akifa basi kipembe cha shamba la ugenini kitakuwa Uingereza milele, ni zuri kwa sauti na lafaa kusomwa mara moja kabla ya Owen, ili vijana wasikie ile tamu yenyewe kabla hawajasikia uchungu. Likisomwa peke yake kwa kijana anayekimbia ufukweni, sioni kwamba linamsaidia. Brooke alikufa Aprili 1915 kwa sumu ya damu iliyoanza na kuumwa na mbu, akiwa melini njiani kuelekea Gallipoli, kabla ya kuyaona mahandaki ambayo Owen aliyaona. Utenzi wa Shaaban Robert juu ya vita vya 1939 hadi 1945 ni hazina ya lugha, lakini mtunzi alikuwa mtumishi wa serikali Tanganyika na aliviona vita kama mtu anayefuatilia habari za dunia nzima. Ufundishe kwa ajili ya historia na maadili. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728, una mapigano makubwa na ushujaa mkubwa, nao hulenga kumtia msikilizaji imani kuliko kumwonyesha hofu ya mpiganaji.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir si shairi la askari hata kidogo. Hata hivyo kuna jioni moja nililichagua badala ya yote, kwa sababu kundi lililokuja lilikuwa la wazazi na si la vijana. Beti zake za majumba ya Pate, ambamo madaka yaliyowekwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege na bundi anakoroma katikati ya nyumba, humwambia mzazi jambo ambalo Owen hawezi kumwambia: chumba kinavyokuwa baada ya mwenyewe kutorudi. Mama mmoja alisema kwamba ameyaona madaka hayo, na hakutaja ni nyumba ya nani.

Mpaka hapa nimesema habari za vijana na za wazazi. Kundi la tatu ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa, na ndilo ambalo mimi mwenyewe nilikosea. Tangu Oktoba 2011 majeshi yetu yameingia Somalia, na familia nyingi za nchi hii zinaijua tarehe 15 Januari 2016, kambi yao ya El Adde huko Somalia iliposhambuliwa. Barabara ya kutoka kwetu kupitia Garsen hadi Lamu tumeisafiri katika mabasi yanayosindikizwa na askari wenye bunduki, tukawaona vijana wa umri wa wanafunzi wetu wamekaa juu ya magari, vumbi mpaka kwenye kope. Baadhi yao wamerudi kuishi kati yetu. Mwaka mmoja jirani yetu, mtu aliyeacha jeshi baada ya kutumika huko, alikuja kwenye jioni yetu kumsindikiza mpwa wake. Tulianza na Owen. Tulipofika kwenye gari lile na mapafu yale, aliinuka taratibu akaenda kusimama kando ya tangi la maji, ametupa mgongo. Nilidhani ameudhika. Mwanafunzi mwenye sauti nzuri akaanza kughani utenzi wa Maji Maji, na baada ya beti kama ishirini nikamwona amerudi, ameketi mkekani, anatikisa kichwa penye vina.

Alipokuwa akiondoka alinishika mkono. “Mwalimu,” akasema, “lile la kwanza ni kweli tupu, lakini linanirudisha kule peke yangu. Hili la pili nimelisikiliza na watu.”

Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo nimebadilisha utaratibu. Panapojulikana kuwa yupo aliyetoka vitani, Owen hasomwi hadharani pasipo yeye kuulizwa kwanza, na anayetangulia ni utenzi. Uwezo ule wa utenzi wa kumpitia mtu mmoja na kuendelea, ambao juu nimeuita upungufu, kwa mtu huyu ni rehema. Sauti ya mghani inaubeba mzigo, wasikilizaji wanaitikia, dua ya mwanzo na ya mwisho inauzungushia ukuta, na hakuna anayeachwa ana kwa ana na uso mmoja unaozama. Kijana ambaye hajaenda anahitaji kinyume chake: anahitaji kuachwa ana kwa ana na uso huo kwa dakika tano, kwa sababu vita alivyovisikia mpaka sasa ni vya umati, bendera na mishahara.

Mwalimu mwenye saa moja tu na darasa la vijana peke yao, basi, namshauri asome Brooke mara moja, Owen mara mbili katika tafsiri ya tarbia, na Ungaretti mwishoni bila kulieleza. Mwenye mkusanyiko wa watu wa rika zote aanze na beti thelathini au arobaini za utenzi wa Abdul Karim, azighani kwa sauti ya kwao asizisome kavu kama taarifa, kisha amalize na Ungaretti. Kuzisoma tenzi kimyakimya darasani, kila mtu na nakala yake, nimejaribu na sitarudia. Bila sauti huonekana ndefu tu.

Kazi ya nyumbani ninayoitoa ni moja. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi ikazama kwa dakika chache, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipelekwa kwenye vita vya Burma. Kila mwanafunzi huchagua mizani yake na kuandika ubeti mmoja wa tarbia au beti nne za utenzi. Mwaka uliopita kijana wa pweza alichagua tarbia. Alileta mishororo mitatu, akasema wa nne bado hajaupata, na nimempa mpaka mwisho wa muhula.